Kwa Nini Mungu Ameamuru Hivi?

Mtoto akikatazwa jambo huuliza, "Kwa nini?" Leo tutazame jinsi walimu wa Kiyahudi wa zamani walivyolijibu swali hilo juu ya amri za Torati, ambazo kwa hesabu yao ni 613.

Saadia Gaon, mzaliwa wa Misri aliyefundisha Iraki, aliandika juu ya jambo hili mwaka 933. Alisema ziko amri ambazo akili yenyewe huzikubali, kama kutoua na kutoiba. Ziko na nyingine tunazozijua kwa kuwa Mungu amesema tu, kama Sabato na sheria za vyakula. Hata hizo zina faida: Sabato humpumzisha aliyechoka na kumpa nafasi ya kuomba. Tena akili peke yake haitoshi. Yatuambia kwamba wizi ni mbaya, lakini haituambii mali huwa ya mtu kwa njia gani.

Wengine waliona kwamba kutafuta sababu ni kumshusha Mungu. Ati amri isiyo na maana kwetu ndiyo yake hasa. Maimonides, tabibu aliyefariki Misri mwaka 1204, alikataa. Je, mwanadamu afanye kazi kwa kusudi, naye Muumba wake aamuru ovyo? Aliwaelekeza kwenye Kumbukumbu la Torati 4:6, ambapo mataifa huiona hekima ya Israeli katika amri zao. Lakini aliweka mpaka: kwa nini sadaka hii ni mwana-kondoo na ile ni kondoo dume, mtu asijisumbue.

Kabla ya Maimonides, katika karne ya 11, Bahya ibn Paquda wa Hispania alikumbusha kwamba uko wajibu wa viungo na uko wajibu wa moyo, na ule wa moyo ndio msingi. Mkono waweza kutoa sadaka huku moyo ukitafuta sifa.

Sisi tulio wa Kristo hatuzishiki amri zote hizo, lakini swali lao ni letu pia. Tukitii yale tu tunayoyaelewa, je, twamtii Mungu au twajitii wenyewe? Na tukiwanyamazisha vijana wetu wanapouliza, je, hatuwafundishi kwamba Mungu hana hekima ya kuwaonyesha? Basi tuulize bila hofu, lakini miguu yetu isisimame njiani ikingoja jibu.

Bwana atupe akili ya kuuliza na moyo wa kutii. Amina.