Mashine ya Kutotolesha Vifaranga: Pima Maneno ya Muuzaji Kabla ya Kulipa

Katika kaya nyingi za Mpwapwa, kuku wa kienyeji ndio akiba inayouzwa pale mtoto anapohitaji madaftari au mgonjwa anapohitaji nauli. Kwa sababu hiyo, mashine za bei nafuu za kutotolesha vifaranga, ambazo baadhi yake hutuma taarifa kwenye simu ya mkononi, zinawavutia wafugaji wadogo. Mashine hizo zaweza kusaidia. Zaweza pia kuharibu mayai ya msimu mzima endapo mlaji atanunua tangazo badala ya kifaa.

Kifaa kinapaswa kufanya nini?

Yai la kuku huanguliwa kwa siku 21. Mashine yenye feni inapaswa kudumisha joto la takriban nyuzi 37.5 za Selsiasi. Unyevu wa hewa uwe asilimia 50 hadi 55 kwa siku 18 za mwanzo, kisha upandishwe hadi 65 au 70. Mayai hugeuzwa angalau mara tatu kwa siku, na siku ya 18 kazi hiyo husitishwa. Hewa ya Mpwapwa wakati wa kiangazi ni kavu, hivyo maji ya ndani ya mashine hukauka upesi. Mashine isiyopima unyevu humwachia mlaji kubahatisha.

Gharama isiyoandikwa kwenye bei

Mashine ya wati 80 ikiwaka mfululizo kwa siku 21 hutumia takriban uniti 40 za umeme. Kwa mteja wa matumizi madogo, ambaye kikomo chake ni uniti 75 kwa mwezi, ongezeko hilo laweza kumvusha kikomo na kupandisha bei ya uniti. Uliza pia iwapo mashine inatumia betri au sola. Umeme ukikatika, ujumbe wa simu hukuamsha tu, haurudishi joto.

Kabla ya kulipa

1. Taka mashine iwashwe mbele yako.
2. Dai risiti na dhamana ya maandishi yenye jina na anwani ya muuzaji.
3. Uliza vipuri, hususan kidhibiti joto na feni, vinapatikana wapi.
4. Tilia shaka ahadi ya kuangua mayai yote. Yai lisilorutubishwa haliwezi kuanguliwa na mashine yoyote.

Ukifika nyumbani, iwashe tupu kwa saa 24 na ulinganishe joto lake kwa kipimajoto kingine, ndipo uweke mayai.

Kumbuka, hakuna kihisi kinachozuia mdondo. Chanjo ya I-2, inayotolewa kwa tone la jicho na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu, bado ndiyo kinga. Mwone afisa mifugo wa kata yako.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumhadaa mlaji. Ukipotoshwa, tunza risiti na tangazo, mwandikie muuzaji kwanza, kisha wasilisha malalamiko Tume ya Ushindani.