Mkulima Mmoja Hajazi Kontena

Kontena la futi 20 hubeba takriban magunia 300 ya kahawa, kila gunia kilo 60. Mkulima mdogo wa milima ya Umatengo, Mbinga, huvuna machache tu. Mnunuzi wa Ulaya au Japani naye haulizi gunia. Anauliza kontena, tena lenye ladha moja juu hadi chini.

Wengi hudhani faida ya kuungana ni kupandisha bei. Bei huja baadaye. Kila kaya ikimenya kahawa kwa mashine yake ya mkono, huyu akaivundika usiku mmoja, yule siku mbili, mwingine akaianika chini, mzigo ukikusanywa kila gunia lina ladha yake. Mtambo wa pamoja huipokea kahawa ikiwa mbivu, siku ileile ya kuchumwa, ikamenywa, ikaoshwa na kuanikwa vichanjani kwa utaratibu mmoja. Kaya moja haiwezi kuununua mtambo huo, na hata ikiweza, haina kahawa ya kuushibisha.

Kuna na maarifa. Taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, ina kituo Ugano, Mbinga, na imezalisha aina za kahawa zinazostahimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani. Mtaalamu hawezi kubisha hodi kila shamba. Akifundisha kikundi, yaliyobaki majirani wataambizana wenyewe wakipalilia.

Ila wakulima watupu hawatoshi. Zanzibar, mtandao wa mwani ulioanzishwa 2006 uliwakutanisha wakulima, wengi wao wanawake, na watafiti, wafanyabiashara na serikali. Mwani uliozoeleka kuuzwa nje ukiwa mkavu tu ukaanza kusagwa unga na kutiwa kwenye sabuni.

Hatari nayo ipo. Anayechanganya mbichi na mbivu huwaharibia wote jina, na chama kikubwa kinaweza kuanguka na jasho la watu: MBICU, chama kikuu cha ushirika cha Mbinga, kilisambaratika miaka ya 1990.

Kwa hiyo hata mkaushaji wa dagaa wa usipa wa Kihagara, kule chini Ziwa Nyasa, asikimbilie chama kikubwa. Aanze na wenzake wachache: vichanja vya pamoja, turubai la kufunikia mvua ikinyesha, mzani mmoja, na daftari ambalo kila mwanachama anaruhusiwa kulifungua. Mfanyabiashara wa Songea akija, akute mzigo wa kujaza gari, si visado ishirini vya watu ishirini.