Injini ya Mashua ya Mfano: Ipimwe Kabla ya Kununuliwa

Mwaka jana mashua ya binti yangu ilizama mbele ya macho yake, na aliyeizamisha ni mimi baba yake.

Tulikuwa tumeijenga kwa miezi mitano, kila Jumapili baada ya chakula cha mchana. Ilikuwa ya plaiwudi nyembamba iliyopakwa gundi ya resini, urefu wake mita moja na robo, na ubavuni binti alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu jina la bibi yake. Ilipungukiwa na injini tu. Nami, nikiamini kwamba kikubwa ndicho bora, nikaenda mjini nikarudi na injini ya mashine ya kufyekea majani, ya sisi 52, yaani silinda yake ina ujazo wa sentimita 52. Nikaifunga nyuma kabisa, karibu na usukani, ili shafti iwe fupi.

Asubuhi ya Jumamosi tuliishusha katika Ziwa Viktoria. Ilielea, lakini tezi ilikaa chini mno. Binti alipovuta kidude cha redio kuongeza moto, omo iliinuka kuelekea mbinguni, maji yakaingia kwa nyuma, na kabla haijafika mita kumi ilikuwa imekwisha. Jirani yetu, sajini mstaafu aliyekuwa fundi wa magari jeshini, alivua viatu, akaingia majini hadi kifuani na kuitoa. Alipoiweka mchangani aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, uliipima?" Nikajibu, "La, Afande." Binti hakusema neno njia nzima ya kurudi nyumbani.

Mchezo huu si wa jana. Mwaka 1898, katika ukumbi wa Madison Square Garden mjini New York, Nikola Tesla aliwaonyesha watu mashua ndogo iliyotii amri za redio bila waya wowote, na tarehe 8 Novemba mwaka huohuo akapewa hataza yake Marekani. Mashua ile iliendeshwa kwa betri. Hata leo, mwenye mashua isiyofikia mita moja ningemshauri abaki na mota ya umeme, maana ni nyepesi, haina moshi, wala haiwakasirishi majirani. Petroli hufaa pale mashua inapokuwa kubwa, na mtu anapotaka kuiendesha kwa muda mrefu, kisha ajaze tangi na kuendelea bila kungoja betri ichajiwe.

Jambo la kwanza la kujiuliza ni kazi ya mashua. Mfano wa tagi, au wa meli ya doria inayokwenda taratibu, hauhitaji mbio. Humo hufaa injini ya mipigo minne kama Honda GX25, ambayo ujazo wake ni sentimita 25. Ina sauti ya upole, na oili yake hukaa mahali pake bila kuchanganywa na petroli. Mashua ya mbio ni habari nyingine. Hiyo hutaka injini ya mipigo miwili, nyepesi na yenye mizunguko mingi. Waendeshaji wengi wa ng'ambo hutumia Zenoah ya Japani, ya sentimita 25.4, ambayo asili yake ni jamaa ya injini hizihizi za kufyekea majani na kukatia miti. Basi asikudharau mtu ukianza na injini ya fyekeo, mradi tu iwe ya kiasi.

Kiasi gani? Kwa mashua ya mita moja na robo, injini ya sisi 23 hadi 26 yatosha kabisa. Hapa ndipo swali la sajini linapoingia. Alinifundisha jambo ambalo halina gharama, nami naona haya kwamba sikulifikiri mwenyewe. Kabla ya kununua injini, ulizia uzito wake pamoja na ekzosi, tangi lililojaa na vyuma vya kuifungia. Jaza mchanga katika mfuko hadi ufikie uzito huo kwenye mizani ya sokoni. Weka mfuko ndani ya mashua mahali injini itakapokaa, kisha iteremshe mashua katika maji yaliyotulia na uitazame kwa ubavu. Lita moja ya maji ya ziwani ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo mashua ya kilo kumi na mbili haina budi kusukuma lita kumi na mbili za maji ndipo ielee, na lita hizo utaziona kwa jinsi inavyozama. Sogeza mfuko mbele na nyuma. Kwa mashua ya mbio, uzito wote ukisawazishwa kwenye kidole, kidole kiwe karibu theluthi moja ya urefu kutoka tezi. Mfuko wetu wa kwanza, wenye uzito wa ile injini ya sisi 52, ulizamisha tezi palepale ufuoni. Mchanga ulijua nisichokijua.

Jambo la pili ni joto. Injini ya fyekeo hupozwa kwa upepo wa feni yake, na ukiifungia ndani ya mashua isiyo na matundu itaunguza pistoni mapema. Ama acha nafasi pana za hewa, ama tafuta injini yenye koti la maji. Hiyo hupokea maji kwa kijibomba kilichowekwa nyuma ya rafadha, yakazunguka silinda na kutoka ubavuni. Kumbuka kwamba maji hayo husukumwa na mwendo wa mashua. Kwa hiyo usiiache ingurume nchi kavu kwa dakika kadhaa ili kuwafurahisha watazamaji.

Rafadha kubwa mno nayo huielemea injini ikapata moto bure, kwa hiyo anza na ndogo. Klachi ya fyekeo usiitupe ikiwa dereva ni mtoto, kwani injini ikiguguma polepole rafadha husimama. Kuhusu oili, fuata kipimo cha mtengenezaji. Akisema moja kwa ishirini na tano, maana yake ni mililita 40 katika lita moja ya petroli. Injini ya mipigo miwili ikinyweshwa petroli tupu hukwama.

Sasa nisikilize vizuri, hasa wewe mzazi. Rafadha ya chuma katika kasi hiyo hukata vidole. Funga swichi ya kuzima injini kwa redio, tena jaribu mapema kwamba ukizima redio ya mkononi, kabureta hujifunga yenyewe. Usiendeshe palipo na waogaji wala mitumbwi ya wavuvi, na wajulishe wakubwa wa ufuo huo kabla ya kuwasha. Mvuke wa petroli hujikusanya chini ya sitaha, kwa hiyo ifungue kwanza ipate hewa. Na ndani, mbele na nyuma, bana chupa tupu za maji zilizofungwa vizuri ili mashua isizame hata ikijaa. Usitumie ile sponji nyeupe ya kufungashia redio na televisheni, maana petroli huiyeyusha.

Tulinunua injini nyingine ya sisi 26, iliyokwisha tumika, baada ya mfuko wa mchanga kukubali. Binti ndiye aliyechagua mahali pa kuifunga, nami nilishika bisibisi tu. Mwezi wa nane ilizunguka boya mara sita bila kuingiza maji, na sajini aliihesabu mizunguko kwa sauti kama yuko paredi. Ile ya sisi 52 tumeirudishia mpini wake, sasa inafyeka majani nyuma ya nyumba yake.