Mtungi Mwekundu Chini ya Kiti

Misigiri, wilayani Iramba, ndipo barabara itokayo Singida inapokutana na njia ya Kiomboi. Malori yaendayo Nzega na Mwanza, na mengine yanayovuka mpaka hadi Rwanda na Burundi, hupita hapo kabla ya kuteremka Mlima Sekenke kuelekea Shelui. Hakuna dereva wa njia hiyo asiyeufahamu mteremko huo. Breki zikikanyagwa mfululizo hushika joto, na joto hilo likifika kwenye tairi, moshi huanza kufuka. Ndipo dereva humpigia kelele utingo wake: “Leta mtungi!”

Mtungi huletwa. Una vumbi, karatasi yake imechanika, na tarehe iliyoandikwa juu yake ilikwisha pita. Je, utazima moto?

Swali hili si la madereva wa malori peke yao. Ndugu msomaji, basi linalokupeleka nyumbani likizo lina mtungi kama huo, na huenda umo pia katika gari la jirani anayewapeleka watoto shule.

Mabaharia nao wanalo swali hilo, ila wao huuliza juu ya fataki za kuomba msaada. Kwa kanuni za kimataifa, fataki ya mwavuli ya meli hupaa si chini ya mita 300 na kuwaka kwa sekunde 40 au zaidi, na kwa kawaida watengenezaji huipa muda wa miaka 3 hivi. Ikipitisha muda, yaweza kuruka vizuri kama mpya, yaweza kukataa kabisa, na mbaya zaidi, yaweza kumuunguza aliyeishika. Huwezi kuijaribu ili ujue, kwa sababu ukiijaribu huna tena fataki. Tarehe ile ni mwisho wa dhamana ya mtengenezaji; baada yake baharia amebaki na bahati.

Mwenye mtungi ana nafuu kidogo, kwani mitungi mingi ya unga ina saa ndogo yenye mshale. Mshale ukiwa kwenye rangi ya kijani, msukumo wa gesi umo. Lakini hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Mshale hupima msukumo tu. Hausemi lolote juu ya unga. Gari likitikisika miezi na miezi barabarani, unga hushuka na kujishindilia chini. Ukiingiwa na unyevu, huganda mabonge. Siku ya haja hutoka gesi peke yake, na unga ukabaki ndani kama saruji iliyolala stoo. Kwa hiyo hata mtungi ambao tarehe yake haijapita waweza kukuaibisha. Mafundi wengi hushauri mtungi wa gari upinduliwe na kutikiswa mara kwa mara mpaka unga usikike ukitembea ndani.

Kuna kosa jingine la kawaida. Mtu hubonyeza mtungi kidogo “kuona kama unafanya kazi”, akaridhika, akaurudisha chini ya kiti. Chembe za unga hunasa kwenye vali, gesi ikavuja polepole, na baada ya siku chache mtungi ni chuma kitupu. Mtungi ukishabonyezwa hata mara moja, sharti ukajazwe upya. Ule wa hewa ya ukaa kwa kawaida hauna mshale. Huo hupimwa kwa mizani.

Fundi anapaswa kuukagua mtungi kila mwaka. Zaidi ya hapo, Uingereza mtungi wa unga hufanyiwa matengenezo makubwa kila miaka 5, na Marekani hufunguliwa na kukaguliwa ndani kila miaka 6. Karatasi mpya iliyobandikwa juu ya mtungi ambao haukuguswa ni pambo. Kwa maoni yangu, tajiri anayenunua mtungi kwa ajili ya macho ya trafiki tu amemnyang’anya dereva wake silaha.

Na silaha yenyewe ni ndogo. Mtungi wa kilo moja humalizika kwa muda wa sekunde kumi hivi. Hutosha kwa cheche za waya au moto mchanga wa injini. Kwa tairi, unga huua ndimi za moto lakini joto hubaki ndani ya mpira, na moto huweza kurudi. Maji mengi ndiyo hupoza. Tena tairi lenye moto hupasuka, hivyo asisimame mtu ubavuni mwake. Moto ukishalizidi nguvu gari, watu waondoke, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lipigiwe namba 114. Na kama ni gari la mafuta lililopinduka, mtungi wa chini ya kiti hauna kazi pale: Agosti 10, 2019, mjini Morogoro, watu zaidi ya mia moja walipoteza maisha baada ya lori la namna hiyo kulipuka huku umati ukichota petroli.

Mitungi iliyopitwa na muda bado ina faida moja, ikiwa haikupata kutu wala kubonyea. Fundi huweza kuitumia kuwafundishia watu. Utingo wengi hawajapata kuvuta pini hata mara moja maishani. Wapewe uwanja wazi na karai la moto mdogo, fundi akisimamia, wahesabu wenyewe sekunde zile kumi.