Mtego Usiofungwa Ni Zawadi kwa Ziwa

Mgono wangu wa kwanza wa kutegea samaki ulitoroka. Niliutumbukiza jioni katika Ziwa Babati, ukiwa na kijiwe kimoja kama ngumi. Usiku upepo ukavuma, na asubuhi sikuona hata boya.

Mzee mmoja aliyekuwa akikausha nyavu alicheka. "Mjukuu wangu, umelipa ziwa mahari bila kuoa."

Alinifundisha. Mgono ni mwepesi, na kambare akinaswa hupiga mkia hadi uhame. Basi weka mawe mawili, moja kila upande, yafungwe ndani ya wavu mkuukuu, maana kamba tupu huchomoka kwenye jiwe laini. Kamba ya boya iwe ndefu kuliko kina, maji yakipanda lisizame. Penye tope, kigingi kirefu hushika kuliko jiwe. Na usitege kwenye njia ya kiboko. Hapo hakuna nanga itakayokusaidia.

Shambani kanuni ni ileile. Panya akinaswa mguu huburuta mtego mpaka shimoni. Ufunge kwa waya kwenye kigingi, ukikipigilia kimelala kinyume na upande atakaovutia. Ardhi ikiwa ya kichanga, kizamishe zaidi. Ila nyaya za kunasia wanyamapori usiziguse: Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwawinda bila kibali.

Siku hizi kabla ya kuondoka huuvuta mtego kwa nguvu zangu zote, nikiuambia: Ukinifuata mimi, utamfuata na kambare.