Soda ya mgeni, pointi za wakala: mikutano ya mauzo Tabora inamlipa nani?

Mkazi wa Tabora mjini hahitaji kuelezwa mkutano wa fursa ni kitu gani. Mwaliko huletwa na mtu ambaye ni vigumu kumkatalia: shemeji, mwalimu wa mtoto, mwenzako wa kwaya au wa kikoba. Ukumbi ni darasa la shule binafsi siku ya Jumamosi, au baa ya Ipuli asubuhi kabla ya wanywaji kuingia. Mlangoni unaandika jina na namba ya simu, unakaa, unasikiliza saa mbili, unapewa soda na andazi, unaondoka. Wiki hii ni dawa lishe, wiki ijayo sola, kisha viwanja, kisha bima, kisha mbegu chotara. Bidhaa hubadilika, utaratibu ni ule ule: anayesikiliza hulipwa kidogo kwa kusikiliza, na aliyemleta hujikusanyia pointi.

Pointi ndizo injini ya shughuli yote. Zinampandisha wakala daraja, zinamfungulia kamisheni kubwa zaidi, na zikifika kiwango fulani anaahidiwa tiketi ya ndege: Zanzibar kwa wa kati, Dubai kwa wa juu. Picha za waliokwenda huonyeshwa ukutani kwa projekta kabla bidhaa yenyewe haijatajwa. Katika mji ambao wasafiri wengi bado wanapanda basi la alfajiri au treni ya reli ya kati, picha ya mtu amesimama kwenye ngazi za ndege inafanya kazi kuliko maelezo yoyote ya vitamini.

Mtindo huu si wa hapa tu. Marekani, ambako mpango mkubwa wa kwanza wa maili za wasafiri ulianza mwaka 1981, mtu anaweza kupewa maelfu ya maili kwa kukaa tu na kumsikiliza mshauri wa mauzo, hata asiponunua. Mashirika ya ndege huuza maili hizo kwa mabenki na wafanyabiashara wengine, yakapokea fedha leo na kutoa kiti baadaye, au yasitoe kabisa kama mwenye maili hakuzitumia. Mwaka 2020, janga la korona lilipozishusha ndege nyingi chini, mashirika makubwa ya huko yaliweka mipango hiyo rehani na kukopa. Moja lilipata dola bilioni 9. Kwa anayezitoa, pointi ni mali ambayo benki inaikubali. Swali la Tabora ni zina thamani gani kwa anayezitafuta.

Wakala mmoja, mama aliyekuwa akiuza vitenge kabla hajahamia kwenye dawa lishe na vipodozi, analo jibu, na analitoa kwa daftari. Ni daftari la kawaida la mistari, lililochorwa safu kwa rula. Safu ya kwanza ni ukumbi. Ya pili ni soda, kwa kreti. Kreti moja ina chupa 24, na mkutano wa maana, anasema, hauendi chini ya kreti mbili. Ya tatu ni maandazi. Ya nne ni nauli, malazi na chakula cha mtoa mada kutoka Mwanza, mtu mwenye suti na sauti, ambaye bila yeye wageni hawaamini. Ya tano ni vocha ya kupigia waalikwa. Safu ya mwisho, nyembamba kuliko zote, ni makopo yaliyouzwa siku hiyo. Kurasa kadhaa safu hiyo ina mkato tu.

Malalamiko yake hayako kwa wateja. Yako kwa wanaomwandikia masharti. Gharama zote hizo, anasema, zinatoka mfukoni mwake, na kampuni haichangii hata chupa moja mpaka wakala afike daraja ambalo yeye hajalifikia. Kila kopo lina pointi zake, na kila mwezi kuna kiwango cha chini cha kufikisha ili mtu aendelee kuhesabiwa kuwa yu hai kwenye mfumo. Asipofikisha, mauzo ya aliowaingiza chini yake hayamhusu tena mwezi huo. Yanapanda moja kwa moja kwa aliye juu. Kwa hiyo ikifika tarehe 28 au 29, kiwango hakijatimia, ananunua mwenyewe. Anasema chini ya kitanda chake kuna makopo ya kutosha kumlisha mgonjwa mwaka mzima, na tarehe za kuisha muda wake zinakaribia. Kwenye hesabu za kampuni makopo yale yameuzwa, na yeye yumo kwenye orodha ya mawakala wanaofanya vizuri.

Amewahi kuwauliza walio juu yake kwa nini mtoa mada asilipwe na kampuni. Alijibiwa kwamba gharama ile ni uwekezaji, na kwamba anayeona uchungu kununua soda hana moyo wa ujasiriamali. Jibu hilo analirudia kwa ukamilifu, pamoja na lafudhi ya aliyelitoa, na ni wazi kwamba limemkaa kooni kuliko hasara yenyewe.

Kuna jambo jingine analosema ambalo halisemwi jukwaani. Wageni wengi anawajua kwa sura. Yupo mstaafu wa reli anayehudhuria mikutano ya kampuni zote bila ubaguzi, na anajua ipi inagawa kofia na ipi inaishia kwenye maji ya chupa. Wapo akina mama wawili wa Isevya wanaofika dakika za mwisho, maandazi yanapotoka. Hao hawajawahi kununua kitu na hawatanunua. Lakini mama huyu hawafukuzi, maana ukumbi mtupu unaua biashara. Mgeni mpya akiingia akakuta viti vimejaa, anaona kuna jambo. Akikuta watu sita, anakumbuka ana mboga jikoni. Mstaafu wa reli, kwa hesabu hiyo, anafanya kazi, na ujira wake ni soda.

Sehemu inayouza kuliko zote ni ile ya kupimwa. Mgeni anashikishwa kijiti cha chuma kilichofungwa waya kwenye kompyuta mpakato, na baada ya dakika moja karatasi inatoka ikieleza hali ya figo, ini na moyo kwa asilimia, kila kiungo kikiwa na upungufu wake na kila upungufu ukiwa na kopo lake. Figo hupimwa kwa damu na mkojo, na mashine ya kijiti haigusi chochote kati ya hivyo. Mama mwenye daftari anakiri kwamba yeye mwenyewe alipimwa mara mbili siku moja akapata majibu mawili.

Ofisini mambo yanaonekana mazuri zaidi. Ofisa mmoja wa wilaya anayeshughulikia vikundi vya wajasiriamali anasema mikutano hii ni sehemu ya elimu ya biashara kwa wananchi, kwamba idadi ya waliofikiwa inapanda kila robo mwaka, na kwamba mwitikio wa wanawake na vijana ni mkubwa. Alipoulizwa idadi hiyo inapatikanaje, alisema inatokana na fomu za mahudhurio zinazoletwa na waandaaji wenyewe. Fomu hizo zinahesabu saini, hazihesabu watu. Mstaafu wetu akihudhuria mikutano sita ndani ya robo moja, taarifa inasoma wananchi sita wamefikiwa. Kuhusu wangapi walinunua, wangapi walirudisha mtaji na wangapi waliuza mbuzi kulipia kiingilio cha uwakala, fomu haina safu. Inawezekana kabisa idadi ya waliofikiwa imepanda. Inawezekana pia wamefikiwa walewale.

Hili la gharama kuangukia mtu wa njiani, kama zinavyomwangukia mama mwenye daftari, lina historia ndefu hapa Tabora. Misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo kupitia Unyanyembe, ilipo Tabora, hadi Ujiji iliendeshwa kwa mkopo: mfanyabiashara alichukua nguo, shanga na nyaya kwa matajiri wa Unguja na Bagamoyo, akaahidi pembe za ndovu. Njiani alilipa hongo kwa kila mtemi ambaye nchi yake aliipita, akawapa wapagazi posho, na alipofika Tabora alitoa zawadi kabla hajataja bei. Pembe zikikosekana, au bei ikishuka pwani, deni lilibaki lake. Aliyekopesha alikuwa kwake barazani. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914 upagazi wa misafara ya biashara kwenye njia hiyo ulififia. Namna ya kugawana hasara haikupanda treni ikaondoka.

Nje ya mji biashara hii inafuata kalenda ya tumbaku. Urambo, Kaliua na Sikonge, mkulima huuza kwa mkataba kupitia chama chake cha msingi, bei ikiwa kwa miaka mingi imepangwa kwa dola, na malipo yakiingia benki yanaingia kwa mkupuo. Wauzaji wanaijua wiki hiyo kuliko hata baadhi ya wakulima. Gari la sola linaegesha karibu na ghala la chama, spika zinafungwa, fulana zinagawiwa. Anayeuza pikipiki kwa mkopo yuko hatua chache pembeni. Malipo yakichelewa, na kuchelewa si jambo geni, magari yanageuza. Urambo hasa ni mahali ambapo ahadi kubwa haimtishi mtu: Waingereza walileta matrekta na mradi wa karanga mwaka 1947, na mwaka 1951 walikuwa wamekwisha kuutelekeza. Labda ndiyo maana wakulima wa huko, kwa maelezo ya muuzaji mmoja wa sola, huchukua fulana kwa shukrani na kuuliza maswali magumu ya betri.

Nane Nane nayo ina mikutano yake, katika viwanja vya Ipuli, lakini wauzaji wanasema pale watu ni wengi mno na wanatembea. Soda ya Nane Nane haimkalishi mtu. Wauza viwanja wao wana njia tofauti: wanatoa usafiri wa bure kwenda kuona eneo, na hawamalizi sentensi bila kuitaja reli ya kisasa. Mgeni akishapelekwa kilomita kadhaa porini kwa gari la mwenyeji, kukataa kunahitaji ujasiri, na nauli ya kurudi.

Sheria zipo. Kanuni ya Adhabu inapiga marufuku michezo ya piramidi, na wengi wanakumbuka mwaka 2009, serikali ilipousimamisha mchezo wa kupanda na kuvuna fedha uliokuwa umeenea nchi nzima. Kampuni za leo zinajitetea kwamba zina bidhaa, na ni kweli makopo yapo. Lakini wakala ambaye kipato chake kinategemea zaidi kuingiza watu kuliko kuuza, na ambaye yeye ndiye mnunuzi mkubwa wa bidhaa zake, anafanya biashara gani? Ofisa tuliyezungumza naye alisema swali hilo liulizwe ngazi ya taifa.

Vilevile ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Inataka mtu anayetoa jina na namba yake ajue zitatumika kwa kazi gani. Kwenye karatasi ya mlangoni hakuna mstari wa namna hiyo. Waliohudhuria mkutano wa mbegu wanasema wamepigiwa simu na wauza bima; waliokwenda kwa dawa lishe wameitwa kuona viwanja. Mawakala wawili walikubali kwamba orodha huazimana, mmoja akiona ni ujirani mwema. Huenda orodha ile ina thamani kuliko mauzo ya siku nzima. Aliyeijaza alilipwa andazi.

Kwa upande wa maili halisi za ndege, wanaozipata kwa uhakika Tabora ni wachache, na wengi wao hawakununua tiketi: ni watumishi wanaosafiri kikazi kwenda Dar es Salaam. Ofisi inalipa nauli, pointi zinaingia kwenye akaunti ya msafiri. Hakuna anayelalamikia hilo, na pengine si jambo la kulalamikiwa.

Mwelekeo? Wauzaji wa sola na mbegu wanaweza kudumu, kwa sababu bidhaa yao huonekana kama inafanya kazi au haifanyi, na mkulima hana aibu kurudi kusema. Dawa lishe ni vigumu kutabiri. Kila kampuni inayofifia hufuatwa na nyingine yenye makopo ya rangi tofauti na watoa mada walewale. Msimu mzuri wa tumbaku unaweza kuongeza mikutano, msimu mbaya unaweza kuiongeza pia, kwa kuwa watu waliokwama ndio wanaotafuta fursa. Mamlaka zikianza kuuliza kuhusu orodha za mlangoni, gharama zitapanda, na tunajua zitaishia kwa nani. Dalili za kuuliza bado hazionekani.

Mama mwenye daftari hajaacha. Pointi zake za miaka mitatu zingepotea, na hilo ndilo linalomzuia kuliko matumaini ya Dubai. Ila ameongeza kazi ya pili. Mawakala wenzake wanapohofia ukumbi mtupu humwita yeye na marafiki zake wanne kujaza viti vya mbele, kwa nauli ya bodaboda na chochote cha juu, taslimu, siku hiyohiyo. Safu hiyo kaiandika nyuma ya daftari. Mpaka sasa, anasema, haijawahi kuwa na mkato.