Kuufunga Mtaa Kwenye Kompyuta Kwanza: Ulipie Nini?

Barcelona ilipoanza kuzuia magari yasikatize mtaa wa Poblenou mwaka 2016, wakazi wengi walilalamika. Mpango wenyewe unaeleweka kirahisi: vitalu 9 vya nyumba, karibu mita 400 kila upande, vinaunganishwa kuwa mtaa mmoja, magari yanayopita tu yanazunguka nje, na gari linaloingia ndani halizidi kilomita 10 kwa saa. Ugomvi unahusu barabara za pembeni. Je, foleni itahamia huko? Manispaa inaweza kuigiza jambo hilo kwenye kompyuta kabla ya kuweka nguzo hata moja.

Programu ya SUMO, ya taasisi ya anga ya Ujerumani, DLR, ni ya bure na imekuwepo tangu 2001. Inafuata kila gari sekunde kwa sekunde, na ramani unaichukua OpenStreetMap bila malipo. Kwa makutano yenye taa, inatosha kabisa. Lakini ukiilisha safari 5,000 za magari, zitabaki 5,000: dereva aliyezuiwa huzunguka tu, haamui kutembea. Hapo ndipo mitaa mingi huhukumiwa isivyo haki. Cairns, Atkins na Goodwin walipochunguza mwaka 2002 zaidi ya mifano 70 ya barabara zilizopunguziwa magari, waliona mara nyingi sehemu ya magari hutoweka, haihamii kwa jirani.

MATSim, nayo ya bure, inaanza na mtu badala ya gari. Kila mtu ana ratiba: nyumbani, kazini, sokoni. Siku hiyohiyo inarudiwa mara nyingi, na kila mara baadhi ya watu wanajaribu njia, saa au usafiri mwingine. Gharama yake ni takwimu za safari za watu, mtaalamu wa kuzipanga, na saa nyingi za kompyuta. Ndiyo maana mara nyingi huendeshwa kwa sampuli ya asilimia 10 ya wakazi, au hata 1.

Vissim na Aimsun ni za leseni. Unapata msaada wa kiufundi na picha nzuri za kuwaonyesha madiwani. Mimi singelipia leseni kwa ajili ya mtaa mmoja. Ina maana pale tu jiji lina wahandisi watakaoitumia mwaka hadi mwaka.

Fedha ziende kwenye takwimu. Nairobi ina bahati: mradi wa Digital Matatus ulichora njia za matatu kwa kutumia simu na kuzitoa bure. Bado watembea kwa miguu lazima wahesabiwe, maana ndio wengi, na mtaa hufungwa kwa ajili yao.

Mwenye bajeti ndogo alipe vijana wahesabu magari na watu asubuhi na jioni kwenye barabara za pembeni, kisha amtake mshauri aigize kwanza hali ya leo, mtaa ukiwa wazi. Mshauri ambaye tarakimu zake haziikaribii hesabu hiyo asilipwe awamu ya pili.